Niliinua Vidole Vinne: Historia ya Kupanga Kazi kwa Timu Nyingi

Kabla sijaanza kuandika haya ninayoandika huku mtandaoni, nilikuwa kijana wa kujaribu programu katika kampuni moja hapa Nairobi. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza: kabla mfumo haujamfikia mteja, mimi naubonyezabonyeza hadi nione unapovunjika. Tulikuwa timu 9, watu karibu 80. Kila baada ya wiki 10 tulikusanywa kwenye ukumbi wa hoteli kwa siku mbili kupanga kazi ya wiki 10 zinazofuata. Kuna chai, kuna mandazi, kuna vikaratasi vya rangi ukutani, na nyuzi nyekundu zinazounganisha kikaratasi cha timu hii na cha timu ile.

Jioni ya siku ya pili, anayeongoza kikao husema, "Haya, kura ya imani." Kila mtu anainua mkono. Vidole vitano maana yake mpango huu utaenda bila shaka. Kidole kimoja maana yake huu mpango ni ndoto ya mchana.

Asubuhi ya siku hiyo, kwenye foleni ya chai, dada mmoja wa timu ya malipo alikuwa ameniambia, "Wewe, hii kitu yetu haitakuwa tayari. Nimewaambia. Wakasema tarehe imeshapewa mteja." Timu yangu ilikuwa inategemea kazi yake, kwa hivyo nilijua. Lakini kura ilipofika niliangalia ukumbi, nikaona vidole vinne na vitano kila upande, na wadosi wamekaa mbele wakitabasamu. Nikainua vinne. Moyoni vilikuwa viwili.

Hadithi hiyo nitaimalizia chini. Kwanza wacha nikueleze vikao vya aina hii vilitoka wapi, kwa sababu ni baada ya kusoma historia yake ndipo nilielewa ni nini hasa tulichoharibu siku ile. Na si kosa jipya. Lina umri wa miaka 60.

Watu 1,000 na kitabu cha futi 5

Tarehe 7 Aprili 1964, kampuni ya IBM huko Marekani ilitangaza familia mpya ya kompyuta, System/360. Mashine zilikuwa safi. Shida ikawa programu kuu ya kuziendesha, OS/360. Aliyepewa kuisimamia ni Fred Brooks. Kazi ilipopamba moto, zaidi ya watu 1,000 walikuwa humo ndani: waandishi wa programu, makarani, mameneja, waendesha mashine. Kwa hesabu ya Brooks mwenyewe, kati ya 1963 na 1966 mradi huo ulimeza kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa miaka kama 5,000. Na bado ulichelewa, na ulipotoka ukatoka na makosa kibao.

Mwaka wa 1975 Brooks aliandika kitabu, The Mythical Man-Month. Wengi wanakikumbuka kwa kanuni moja: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Ukiwa na kamati ya harusi utaelewa haraka. Watu 5 wakipanga harusi, njia za mazungumzo kati yao ni 10. Wakiwa 10, njia zinakuwa 45. Wakiwa 100, ni 4,950. Watu wameongezeka mara 20, maneno ya kuelewana yameongezeka karibu mara 500. Ndiyo maana watu wa hema wanafika saa moja asubuhi na hakuna aliyewaambia kwamba uwanja umebadilishwa.

Timu ya Brooks ilijaribu kutatua hilo kwa karatasi. Kila mwandishi wa programu alipewa kitabu cha kazi chenye maelezo ya mradi mzima, na kila siku kurasa zilizobadilika zilisambazwa ili abadilishe. Baada ya kama miezi 6 kitabu kilikuwa na unene wa futi 5. Brooks anasema kwamba nakala 100 za ofisi zao za Manhattan, zikipangwa moja juu ya nyingine, zingepita urefu wa jengo la Time-Life walimokuwa wakifanyia kazi. Habari zote zilikuwepo. Lakini kuwa na habari na kuelewana ni vitu viwili tofauti.

Kuna sehemu nyingine ya kitabu hicho ambayo haitajwi sana, na mimi ndiyo iliyonigusa. Kulikuwa na wasanifu kama 10 ambao kiongozi wao alimwambia Brooks: tupe miezi 10 tuandike vizuri maelezo ya namna mfumo utakavyofanya kazi. Hiyo ilizidi ratiba kwa miezi 3. Meneja mwingine alikuwa na watu 150, naye akasema: hao wasanifu wakipewa miezi 10, watu wangu watakaa bure, tupe sisi, tutamaliza kwa wakati. Kiongozi wa wasanifu akaonya kwamba watachelewa vilevile, na kazi itakuwa duni. Brooks akachagua ratiba. Yakatokea kama alivyoonywa: walichelewa miezi ileile 3, na kwa makadirio ya Brooks uamuzi huo uliongeza mwaka mzima wa kusaka makosa.

Yaani ukweli ulikuwepo chumbani. Ulisemwa na mtu aliyeijua kazi, kwa sauti, mbele ya mwenye uamuzi. Ukashindwa na tarehe. Namheshimu Brooks kwa sababu alikiri hadharani, kwa jina lake. Wangapi unawajua wanaoweza?

Timu ndogo zashinda, kisha zagongana

Baada ya maafa ya aina hiyo, wakubwa wengi walikimbilia kupanga kila kitu mwanzoni: andika mahitaji yote, chora yote, jenga yote, jaribu mwisho. Mradi unashuka hatua kwa hatua kama maporomoko ya maji. Cha ajabu ni kwamba makala ya Winston Royce ya mwaka wa 1970, ambayo watu huitaja kama chanzo cha mtindo huo, yenyewe ilionya kwamba kuuweka mtihani mwisho ni hatari.

Mawazo tofauti yalitoka kwa watu waliotazama viwanda. Mwaka wa 1986, Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika katika Harvard Business Review kuhusu makampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox. Walisema timu zinazotengeneza bidhaa mpya haraka hazipokezani kijiti kama wakimbiaji wa kupokezana. Zinasonga pamoja kama wachezaji wa raga, mpira ukipita huku na huku. Jeff Sutherland alilichukua wazo hilo akaunda timu ya namna hiyo katika kampuni ya Easel mwaka wa 1993, na mwaka wa 1995 yeye na Ken Schwaber wakaupeleka mtindo wao mbele ya wataalamu wa programu. Waliuita Scrum, jina la raga.

Kisha Februari 2001, watu 17 walikutana Snowbird, sehemu ya kuteleza kwenye theluji katika jimbo la Utah, wakatoa Ilani ya Ajaili. Nikiifupisha kwa maneno yangu: watu na mazungumzo yao kwanza, taratibu na vifaa baadaye, programu inayofanya kazi ni bora kuliko rundo la makaratasi, kaa na mteja badala ya kuvutana naye juu ya mkataba, na mambo yakibadilika, badilika nayo.

Ilikuwa pumzi mpya. Timu ndogo, watu 5 hadi 9. Sprinti fupi, mara nyingi wiki mbili. Mwisho wa sprinti unaonyesha kitu kinachofanya kazi, si slaidi. Timu moja ikifanya hivyo vizuri, wee, inapendeza.

Lakini benki haina timu moja. Kiwanda cha magari hakina timu moja. Ukiwa na timu 9, kila moja inakimbia sprinti zake na kushangilia ushindi wake, halafu siku ya kuunganisha kazi mnagundua kwamba timu ya tatu ilijenga mlango upande ambao timu ya sita imejenga ukuta. Melvin Conway alikuwa ameshaliona hilo mwaka wa 1968: mfumo unaojengwa hufanana na namna wajenzi wake wanavyozungumza. Kama timu mbili haziongei, na programu zao hazitaongea.

Dawa ya kwanza ilikuwa mkutano wa wajumbe. Kila timu inatuma mtu mmoja, wajumbe wanakaa, wanaulizana nani anamzuia nani. Sutherland na Schwaber walikuwa wameutumia mapema, katika miaka ya 1990. Unasaidia, lakini una kasoro ya mjumbe yeyote: anabeba kile alichokielewa, na anaacha kile kitakachomletea matata.

Chumba kikubwa na treni

Wakati huohuo Toyota walikuwa na njia nyingine. Miaka ya 1990, Takeshi Uchiyamada alipewa kuongoza utengenezaji wa gari ambalo baadaye tulilijua kama Prius, lililoanza kuuzwa Japani Desemba 1997. Aliwakusanya wataalamu wa sehemu mbalimbali kwenye chumba kimoja, michoro na matatizo yamebandikwa ukutani, kila mtu anaona. Chumba hicho kinaitwa obeya, Kijapani cha "chumba kikubwa". Wa injini akiwa na shida, wa umeme anaisikia hapohapo, haisubiri ripoti ya mwisho wa mwezi.

Mmarekani Dean Leffingwell aliyakusanya mawazo ya aina hii. Alikuwa ametoka kwenye ulimwengu wa programu za mashirika makubwa, na mwaka wa 2007 akatoa kitabu Scaling Software Agility kuhusu kuipeleka ajaili kwenye mashirika hayo. Mwaka wa 2011 akatoa mwongozo mzima, akauita SAFe. Hakuficha kwamba amekopa: kwa Toyota, kwa Scrum, na kwa Don Reinertsen, ambaye kitabu chake cha 2009 kilieleza faida ya kazi kuwa na mapigo ya kawaida, kama ngoma, ili wanaotegemeana wakutane kwa wakati unaojulikana.

Kiini cha SAFe ni hiki. Chukua timu kadhaa zinazojenga kitu kimoja, jumla ya watu 50 hadi 125. Ziite treni. Wape mzunguko mmoja wa wiki 8 hadi 12, uliogawanywa kwa sprinti za wiki mbili mbili zinazoanza na kuisha pamoja, na kipande cha mwisho kiachwe wazi kwa kusafisha, kujifunza na kupanga. Kila mzunguko unapoanza, watu wote, si wajumbe, wanakaa pamoja siku mbili.

Mbona treni? Hapo ndipo penye utamu, na nadhani Mkenya anaelewa haraka kuliko wengi. Zamani programu zilikuwa zinatoka kama matatu ya kungoja ijae. Dereva amewasha injini, kondakta anapiga kelele "wawili wa mwisho!", na wewe umekaa ndani dakika 40 kwa sababu ya abiria ambaye hajatoka nyumbani. Treni haingoji. Saa ikifika inaondoka. Kama mzigo wako haujafika stesheni, pole, utapanda inayofuata, na unajua itakuja lini.

Maana yake ni kwamba tarehe haisogei lakini mzigo unaweza kupungua. Ukitaka vyote viwili visiguswe, tarehe na mzigo, hiyo si treni tena. Umerudi IBM mwaka wa 1964.

Ratiba ya siku mbili imejengwa juu ya wazo hilo. Siku ya kwanza wakubwa wanaeleza biashara inataka nini. Kisha timu zinajitenga, kila moja inapima uwezo wake, inaandika itafanya nini, na inatembea hadi meza za wengine kuuliza: mnaweza kutupa hiki kufikia sprinti ya tatu? Ikikubaliwa, uzi mwekundu unafungwa ukutani. Jioni, timu zikishatoa rasimu, wakubwa wanabaki kuamua nini kipunguzwe, nini kihamishwe. Siku ya pili mpango unarekebishwa, hatari zinatajwa moja moja na kuamuliwa: hii imetatuliwa, hii ina mwenyewe, hii tumeikubali, hii tumeipunguza makali. Ndipo inakuja kura ya vidole. Na kanuni iko wazi: wastani ukiwa chini ya vitatu, mpango unarudiwa. Mtu akiinua viwili au kimoja, anapewa nafasi ya kusema.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Kura haikuwekwa ili wadosi wapigiwe makofi. Iliwekwa kwa ajili ya mtu wa vidole viwili.

Waliokataa

Isidhaniwe kila mtu alishangilia. Agosti 2013 Ken Schwaber, yule wa Scrum na mmoja wa wale 17 wa Snowbird, aliandika kuishambulia SAFe waziwazi. Wasiwasi wake, na wa wengi waliomfuata, ulikuwa kwamba huu ni ule utawala wa juu kwenda chini uliorudi na nguo mpya: vyeo vingi, michoro mingi, na timu zinazopangiwa badala ya kupanga.

Craig Larman na Bas Vodde nao walikuwa na njia yao, LeSS, waliyoanza kuijenga mwaka wa 2005 kutokana na kazi yao na makampuni kama Nokia. Swali lao lilikuwa kali zaidi. Kwa nini mnajisifu kwa kuzichora nyuzi nyekundu vizuri? Ziondoeni. Pangeni timu upya ili kila moja iweze kukamilisha kitu kizima kinachomfaa mteja, zote zichote kazi kutoka orodha moja yenye mwenye bidhaa mmoja. Ukuta uliojaa nyuzi, kwao, ni dalili ya ugonjwa.

Spotify nao, mwaka wa 2012, walieleza katika makala ya Henrik Kniberg na Anders Ivarsson jinsi walivyojipanga kwa vikosi na makabila. Waandishi walisema kabisa kwamba wanaonyesha picha ya wakati ule tu, mambo bado yanabadilika. Makampuni ya dunia nzima yakainakili kama msahafu.

Halafu kuna FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Mwaka wa 2005 lilitupa mfumo wa kesi za kielektroniki ulioshameza dola kama milioni 170. Mwaka wa 2006 likaanza mwingine, Sentinel, chini ya kandarasi ya Lockheed Martin. Kufikia 2010, dola milioni 405 kati ya bajeti ya milioni 451 zilikuwa zimetumika, na awamu 2 tu kati ya 4 ndizo zilizokamilika. FBI wakaichukua kazi wenyewe. Badala ya kuongeza watu, wakapunguza. Wakafanya sprinti za wiki mbili, kila mwisho wa sprinti wanaonyesha kinachofanya kazi. Julai 2012 mfumo ulifunguliwa kwa wafanyakazi wote.

Hiyo ya FBI inaniambia kwamba kabla ya kuuliza "tuziratibu vipi timu 9?", uliza kama lazima ziwe 9. Lakini sitasema chumba kikubwa ni upuzi. Kuna kazi ambazo haziwezi kufanywa na watu 40. Na kama si kile kikao, mimi na yule dada tusingewahi hata kusalimiana. Yeye alikaa ghorofa ya nne na mimi ya pili. Wakati wa korona, vikao hivi vilipohamia kwenye skrini duniani kote, ubao na vikaratasi vilipata nakala zake za kidijitali bila shida. Foleni ya chai haikupata nakala.

Kasoro yetu haikuwa kwenye vikaratasi

Sasa nirudi ukumbini. Nikiilinganisha kampuni yetu na mwongozo, tulifanya karibu kila kitu. Nyuzi tulikuwa nazo. Sprinti zetu zilianza na kuisha siku moja. Kitu kimoja tu hakikufanyika: ile jioni ya siku ya kwanza, saa ambayo wakubwa walitakiwa kubaki wapunguze mzigo, walikuwa wameshaondoka kukwepa foleni ya Thika Road. Tarehe walishampa mteja. Mzigo nao walishampa. Kwa hivyo hakukuwa na cha kuamua. Siku mbili, watu 80, tulikuwa tunapamba uamuzi uliokwisha kufanyika.

Najua jibu la mdosi, na ni jibu la haki: mteja anataka tarehe, biashara haiendeshwi kwa "tutaona". Sawa. Mpe tarehe. Mtindo wa treni unakupa tarehe ya uhakika kuliko mtindo mwingine wowote. Usichoweza kumwahidi ni tarehe pamoja na kila kitu kwenye orodha, kabla hujawauliza wanaobeba. Mwambie: tarehe hii tunatoka, haya matatu yatakuwemo, haya mawili tutakuambia baada ya kikao. Mteja mzima wa akili anaelewa. Asichoelewa ni kuambiwa kila kitu kiko fiti, halafu asubuhi ya kuzindua pesa za watu zinakatwa mara mbili.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Tulitoka tarehe ileile iliyoahidiwa. Kipande cha malipo kilikuwa kimeunganishwa usiku wa kuamkia, bila muda wa kukijaribu vya kutosha, na mjaribu nilikuwa mimi. Wateja wakakatwa mara mbili, simu zikalia siku nzima, na ilichukua wiki kurudisha pesa zote. Kwenye kikao cha kutathmini likaulizwa swali moja: nani alituangusha? Ukutani jibu lilionekana rahisi, uzi mwekundu ulikuwa unatoka kwa timu ya malipo. Mikataba mitatu ya timu hiyo haikuongezwa. Mmoja wao alikuwa yule dada. Hakuna aliyeuliza kuhusu vidole vyetu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tuliyaficha tukiwa 80, mchana kweupe, mikono juu.

Kwa hivyo siku hizi nikisikia kampuni inajisifu kwamba inapanga kwa pamoja, huwa nauliza maswali matatu. La kwanza: baada ya siku mbili, nini kiliondolewa kwenye orodha? Kama hakuna, hamkupanga, mlitangaziwa. La pili: mara ya mwisho mtu kuinua vidole viwili ilikuwa lini, na yuko wapi leo? La tatu: wakubwa walikuwa wapi jioni ya siku ya kwanza? Majibu ya maswali haya yanakuonyesha kama wako kwenye treni au kwenye matatu iliyopakwa rangi ya treni.

Na kwako kijana mwenzangu uliyeajiriwa juzi: najua si rahisi. Mkataba wako ni wa miezi sita, kodi ya nyumba haingoji, na mbele wamekaa watu wanaoweza kukufuta kwa barua pepe moja. Sitajifanya shujaa, mimi niliinua vinne. Ndiyo maana mzigo mkubwa nauweka kwa aliyekaa mbele. Yeye ndiye aanze kwa kusema, "Nataka kusikia vidole viwili kwanza," na akivisikia, apunguze kitu hapohapo, watu waone. Mara moja tu inatosha. Kikao kinachofuata, hutahitaji kuwabembeleza.

Mwaka jana nilimtafuta yule dada, nikamwandikia ujumbe wa kuomba msamaha. Nilimwambia kwamba nilijua, na kwamba nilinyamaza. Alikaa siku mbili kabla ya kujibu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi:

"Usijali bana. Hata mimi niliinua vinne."